Jinsi ya Kutengeneza Ukuta wa Mawe na Chokaa katika Nyumba ya Kale ya Lamu

Ukuta wa nyumba ya kale ukianza kumeguka sehemu ya chini, kinachofikiriwa kwanza ni mfuko wa saruji. Unapatikana dukani, unashika kwa siku moja, na kila fundi anaujua. Miaka michache baadaye plasta ile hubanduka mabamba kwa mabamba, na kila bamba hutoka na sehemu ya jiwe mgongoni. Hapo mwenye nyumba huongeza saruji nyingine, nzito zaidi, na ukuta huendelea kuliwa kwa ndani pasipo mtu kuona.

Hapa tunaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa chokaa, kama ilivyojengwa. Tunazungumzia ukuta wa kawaida: mawe, plasta, ncha za boriti. Zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za plasta za ndani ni kazi ya fundi wa nakshi, na anayezigusa bila kujua huharibu kwa asubuhi moja kitu kilichodumu tangu karne ya 18. Zifunike kwa turubai, uziache.

Ukuta ulivyo kwa ndani

Ukuta wa mawe wa Lamu una unene wa sentimita 45 hadi 60 hivi, nao si kitu kimoja. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ya nje na ya ndani, na katikati kiini cha vipande vidogo vya mawe vilivyoshikwa kwa chokaa, mara nyingi ikiwa imechanganywa na udongo mwekundu. Mawe mengi ni ya jabali la nchi kavu, magumu na yasiyo na umbo. Yale mepesi, meupe, yenye vitundu vidogo sawasawa, yalikatwa baharini yakiwa laini, yakachongwa kabla hayajakauka. Utayakuta kwenye kingo za milango, kwenye matao na kwenye mihrabu za misikiti.

Juu ya kuta zimelala boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba: mita 2.5 hadi 2.8, zaidi kidogo hapa na pale. Ndiyo maana misana (kumbi za nyumba) na ndani (chumba cha nyuma yake) ni vyumba virefu na vyembamba, na ndiyo maana kubomoa ukuta wa kati ili kupata sebule pana ni kuiangusha dari. Juu ya boriti kuna mabamba ya matumbawe, na juu yake sakafu nzito ya chokaa na kokoto iliyopigwa vipande hadi ikashikana. Uzito wote huo unashuka kwenye kuta, na kuta hazina chuma hata kidogo.

Matumbawe hunyonya maji. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, na karibu na bahari maji hayo yana chumvi. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo. Maji hupita humo, hukauka juu ya uso, na chumvi hubaki nje kama unga mweupe unaofagiliwa. Saruji inaziba vitundu hivyo. Maji hayakomi kupanda, ila sasa yanatafuta njia ya juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya saruji badala ya mbele yake. Chembe za chumvi zikikua ndani ya jiwe hulipasua. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake: ukuta ukitikisika au ukipanuka kwa jua, kinachovunjika ni jiwe. Rangi ya plastiki hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi.

Tafuta maji kabla ya kununua chochote

Karibu kila kasoro ya nyumba hizi ni kasoro ya maji, na plasta mpya juu ya maji yasiyozuiwa ni pesa iliyotupwa. Anza juu, ushuke.

Kwenye paa, angalia milizamu, yaani midomo inayotoa maji ya mvua nje ya ukuta. Mlizamu ulioziba kwa majani au kiota humwaga maji kwenye kichwa cha ukuta, na maji hayo hushuka kupitia kiini hadi ghorofa ya chini. Alama yake ni doa refu la kwenda chini, lenye ukungu wa kijani au mweusi. Mlizamu mfupi nao una lawama: unapaswa kutokeza angalau sentimita 40 nje ya ukuta, la sivyo upepo wa kusi huyarudisha maji ukutani.

Kisha choo cha juu. Birika la zamani, yaani tangi la maji lililojengwa, lile ambalo watu walifuga ndani yake visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, likipata ufa wa unywele tu hulowesha ukuta mchana na usiku mwaka mzima. Jaza birika, weka alama ya penseli usawa wa maji, lifunike, lisitumike kwa saa 24. Likipungua zaidi ya sentimita moja, umeshapata mwizi wako. Mabomba ya plastiki yaliyopitishwa ukutani baadaye yakague pia, hasa kwenye viungo.

Chini, pima doa. Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari wa mawimbi, kwa kawaida chini ya mita moja na nusu, na juu ya mstari huo chumvi huwa nyingi kuliko popote. Mahali nyumba ilipo panasema mengi. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ilikuwa kando ya maji. Ardhi iliyopo leo kati yake na gati ilijazwa baadaye. Kwa hiyo nyumba zilizo upande wa bahari wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, zimekaa juu ya ardhi ya kujaziwa, maji ya chumvi yakiwa karibu, na nyufa za msingi kutitia ni za kawaida zaidi huko kuliko kwa nyumba za juu, mtaa wa Mkomani. Tazama vilevile kama kichochoro kimeinuliwa kwa saruji mara baada ya mara hadi kikapita usawa wa sakafu ya daka (kibaraza cha mlangoni). Kikiwa hivyo, maji ya mvua yanaingia ndani, na hakuna plasta itakayoyazuia; dawa ni mfereji wa wazi kando ya ukuta.

Nyufa zisizo na maji zipime kwa muda. Chora msitari wa penseli kukata ufa, andika tarehe, pima upana kila mwezi. Ufa usiobadilika kwa miezi sita ni kovu, unajazwa. Unaopanuka, au ukuta uliovimba hata timazi ionyeshe umetoka nje ya wima zaidi ya sentimita 5 kwa ghorofa moja, usiuguse: egemeza dari kwanza, umwite mhandisi.

Ruhusa

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa na serikali ya Kenya mwaka 1986. Kazi ndani yake inaangukia chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Nenda ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyopo Lamu ukiwa na picha za ukuta, mchoro wa mkono wenye vipimo, na orodha ya vifaa. Nenda kabla ya kubandua, si baada. Mbali na sheria, watu wa ofisi hiyo wanawajua waashi walioizoea chokaa, na hilo peke yake linafaa safari.

Chokaa na mchanga

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufeli, kwa hiyo usiharakishe.

Chokaa ya kienyeji huchomwa kwenye tanuu: magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa, na jiwe linalopata moto wa kutosha, kama nyuzi 900 za Selsiasi, hugeuka chokaa mbichi. Mawe ya katikati huiva vizuri. Ya pembeni hubaki na moyo mgumu. Hiyo mioyo ndiyo hasara kubwa ya chokaa ya tanuu, maana isipochekechwa huvimba ndani ya plasta baada ya miezi na kuacha vishimo kama vya ndui.

Kuizima: tumia pipa la chuma au shimo lililojengewa. Tia maji kwanza, kisha chokaa kidogo kidogo. Usifanye kinyume, na usitumie ndoo ya plastiki nyembamba, kwa sababu chokaa mbichi huchemsha maji na kuyarusha. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na nguo za mikono mirefu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali. Pipa la maji safi liwe karibu kabla kazi haijaanza.

Koroga hadi ichemke na kutulia, ichuje kwa chekeche ya matundu ya milimita 3, kisha iache ikae chini ya maji ya vidole vinne. Wiki tatu ni kima cha chini. Miezi mitatu ni bora: rojo linakuwa laini kama siagi, linanata kwenye mwiko, na mioyo iliyochelewa inapata muda wa kulegea. Rojo lililofunikwa kwa maji haliharibiki, kwa hiyo anza kuzima chokaa siku ile ile unayopeleka maombi ya ruhusa.

Chokaa ya unga ya mfuko inafaa ikiwa mpya. Iloweke saa 24 angalau, wiki moja ikiwezekana. Mfuko uliokaa ghalani mwaka mzima umeshavuta hewa na kugeuka vumbi la jiwe, hautashika kitu. Chukua ngumi moja, tia maji: chokaa nzuri inanata na kuteleza; iliyokufa huhisi kama mchanga laini tu.

Mchanga uwe mkali, wa chembe za ukubwa mbalimbali, kuanzia vumbi hadi milimita 3 au 4. Mchanga wa matuta ya Shela haufai kwa sababu mbili. Chembe zake ni ndogo, za mviringo na za ukubwa mmoja, hazishikani. Na matuta yale ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji matamu ambayo mji mzima unakunywa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo unayotaka kuiondoa ukutani. Leta mchanga wa bara, na hata huo uoshe mara mbili tatu. Jaribio la chupa ni rahisi: jaza mchanga nusu ya chupa, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho yake. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya ishirini ya mchanga, osha tena. Udongo mwingi ndani ya plasta huleta nyufa za buibui.

Kwa mita 10 za mraba za ukuta, plasta ya milimita 20, unahitaji mita za ujazo 0.2, ongeza robo kwa mashimo na kumwagika. Inakuwa karibu ndoo 13 za mchanga za lita 20 na ndoo nne na nusu za rojo. Rojo halionekani kuongeza ujazo kwa sababu linajaza nafasi kati ya chembe za mchanga. Hesabu pia punda: vichochoro havipitishi gari, vifaa vinashushwa gatini na kubebwa, na punda mmoja hafai kupakiwa mifuko kama lori.

Kubandua

Muda mzuri wa kuanza ni Julai, masika yakishaisha, hewa ikiwa ya baridi kidogo. Jua la Januari hadi Machi hukausha plasta kabla haijashika, na mvua ya Aprili na Mei huiosha.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama ngoma pameachana. Anzia kwenye ufa au ukingo ulio wazi, ingiza patasi nyembamba kati ya saruji na jiwe, ipige kwa kulala. Shuka toka juu. Nyundo ya umeme isikaribie ukuta huu, maana mtetemo hukisambaratisha kiini na nyuso mbili zikaachana. Pale saruji inapong'ang'ania na kutoa jiwe zima, iache. Kipande cha saruji kilichobaki kina hasara ndogo kuliko shimo. Chokaa ya zamani iliyo nzima nayo ibaki.

Ukishafika kwenye mawe, kwangua viungo hadi kina cha sentimita 2 au 3, piga brashi kavu, kusanya vumbi la chumvi na ulitoe nje kabisa. Usioshe. Maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kisha acha ukuta wazi miezi mitatu au zaidi, madirisha yakiwa yamefunguliwa. Ni hapa wenye nyumba wengi huchoka, wakapiga plasta juu ya ukuta mbichi. Ukuta wenye chumvi nyingi sana unaweza kupigwa plasta dhaifu ya muda, rojo 1 kwa mchanga 4, ikae mwaka mmoja ifyonze chumvi, kisha ibanduliwe na kutupwa.

Mawe na boriti

Jiwe lililooza litolewe moja moja. Usifungue zaidi ya nusu mita kwa wakati mmoja. Mawe ya kujazia yatoke kwenye kifusi cha nyumba yenyewe au kwenye machimbo ya Maweni, kisiwani Manda. Usikate matumbawe hai ya baharini. Lowesha jiwe na shimo, tandaza chokaa ya rojo 1 kwa mchanga 2.5, sukuma jiwe hadi chokaa itokeze pembeni, halafu tomea: vipande vidogo vya mawe vikigongwa ndani ya kila pengo. Kutomea si kubana matumizi. Chokaa husinyaa ikikauka, na pengo la vidole vitatu lililojazwa chokaa tupu hupasuka kila mara. Kwenye sehemu iliyofunguliwa weka, kila mita moja hivi, jiwe refu linaloingia ndani ya kiini ili uso ushikane na mwili.

Mahali pasipokauka kabisa, chini ya choo au kwenye ukuta wa birika, ongeza nusu sehemu ya unga wa matofali yaliyochomwa, uliochekechwa vizuri. Unaisaidia chokaa kushika hata penye unyevu.

Ncha ya boriti huoza pale inapozama ukutani, mahali usipopaona. Chomeka bisibisi kando ya ukuta: ikizama sentimita moja bila nguvu, boriti hiyo imekwisha. Kabla ya kuitoa, weka ubao chini ya dari na miti ya kuegemeza kila mita moja. Nyumba ikiwa na ghorofa chini yake, miti isimame mstari mmoja hadi ardhini, kwani sakafu ya kati haibebi mzigo huo. Boriti mpya iwe ya unene ule ule, sentimita 11 hadi 13, iliyokauka, na muuzaji awe na kibali cha misitu. Toboa upande mmoja sentimita 35, wa pili 20. Ingiza ncha kwenye shimo refu, inua, irudishe kwenye shimo fupi, hadi izame sentimita 17 au 18 kila upande. Tomea chini na pembeni, lakini acha upenyo wa kidole nyuma ya ncha ili hewa ipite. Boriti iliyozikwa kwenye saruji huoza kwanza kuliko zote.

Plasta na chokaa ya kupaka

Changanya rojo 1 na mchanga 3 bila kuongeza maji. Mwanzoni utaona haichanganyiki. Endelea kuiponda na kuikanda dakika 20 na italegea yenyewe. Mwashi akiomba maji, mpe kazi ya kuponda zaidi. Maji ya ziada ndiyo chanzo kikubwa cha nyufa.

Lowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi, hadi jiwe liache kunywa lakini lising'ae. Tupa tabaka la kwanza kwa mwiko kwa nguvu, lisizidi milimita 10. Likishaanza kushika, kiasi kwamba kidole gumba kinaacha alama bila kuzama, likwaruze kwa misumari mistari ya kukatana. Funika kwa magunia mabichi, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku saba. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hugeuka tena kuwa jiwe kwa kuvuta hewa polepole, na inahitaji unyevu kufanya hivyo. Plasta iliyokauka kwa siku mbili hubaki unga unaofutika kwa kiganja. Upande unaopigwa na kusi funga magunia kwa kamba, la sivyo asubuhi utayaokota kichochoroni.

Tabaka la pili baada ya wiki mbili, milimita 10 tena. Usijaribu kunyoosha ukuta uwe kama kioo kwa kuongeza unene, fuata mbonyeo wa mawe. La mwisho ni jembamba, milimita 3, rojo 1 kwa mchanga laini 1.5, likisuguliwa kwa ubao. Nyufa ndogo zikitokea siku ya kwanza, zinyunyizie maji na kuzisugua hadi zifunge. Kesho yake umechelewa.

Chokaa ya kupaka huwa nyepesi kama maziwa. Ichuje kwa kitambaa, nyunyizia ukuta maji, paka kwa brashi pana, tabaka tano, siku moja kati ya tabaka na tabaka. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu na wapakaji hujaribiwa kuifanya nzito. Weupe unakuja ikikauka. Iliyo nzito hukatika magamba. Usitie gundi wala rangi ya plastiki.

Masika ya kwanza yatatoa chumvi kidogo sehemu ya chini. Ifagie kwa brashi kavu, isubiri ikome, kisha paka tabaka moja la chokaa pale tu. Milizamu isafishwe kila Machi, na makochi na makabati yasogezwe kiganja kimoja kutoka ukutani.